Mtafsiri wa Kibandani

Kwenye kibanda kimoja cha video Vingunguti, Talha ndiye anayetafsiri filamu za Kihindi. Kihindi hakukisomea popote. Picha inaenda, yeye anaongea kwenye maiki, na watu wanamwamini.

Jumapili ile mama yake alikuja kutazama, mara ya kwanza tangu kaka yake Talha azamie meli pale bandarini Kurasini na kutosikika tena. Alikaa benchi la mbele.

Kwenye filamu, baharia alifika mlangoni kwa bibi mmoja. Alivua kofia, akamwambia kwamba mwanawe amefia melini na wamemzika ugenini.

Maiki ya Talha ilikuwa imezungushiwa selotepu nyeusi. Aliibandua kidogo kwa ukucha, akairudishia.

"Anasema mwanao mzima," alitafsiri. "Yuko njiani anakuja."

Yule bibi alikaa chini akaanza kujipiga kifuani.

"Sasa mbona analia, braza?" mtu mmoja aliuliza.

"Furaha."

Mama yake hakugeuka.

"Kihindi hicho ulijifunzia mapajani kwangu, Talha," alisema. "Irudishe nyuma. Waambie alichosema."