Krismasi ya Kirungu

Desemba 25. Asubuhi ilikuwa ya mawingu mazito na upepo wa baridi, na mvua ilitishia bila kunyesha.

Jiwe la kwanza lilimpata Kirungu sikioni, kabla hajapanda ngazi za kanisa. La pili lilimvunja meno.

Mchungaji alikuwa mlangoni akiwapokea waumini. Alihamia hapo juzi tu na bado hakuwajua watu kwa sura, lakini habari za Kirungu alizikuta katika kila nyumba aliyopiga hodi. Kiwanda cha matofali kilifungwa tangu mgomo wa Machi, na watu walikuwa wameuza hata vitanda ili wale. Siku ya mgomo Kirungu, mlinzi wa lango, alimpiga kijana mmoja mfyatua matofali rungu la kichwa. Kijana alifia palepale. Jana Kirungu aliachiwa kutoka mahabusu kwa kukosa mashahidi.

"Leo rungu lako liko wapi?" Mpakiaji mmoja waliyemwita Winchi alimkaba shingo. "Mwite bosi wako aje akupanguse damu!"

"Nimekuja kusali tu."

"Utasalia hukohuko uendako."

Winchi alimpiga teke la tumbo, Kirungu akaanguka. Wengine wakamvamia kwa matofali, yaleyale waliyoyafyatua wenyewe. Mwanamke mmoja alivua kiatu akampiga kisigino usoni. Mkono wa kushoto wa Kirungu ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Mchungaji alipaza sauti, akasukumwa akajigonga kwenye mwimo wa mlango.

Ndipo mzee mmoja alipotoka kanisani mbio. Aliupasua umati kwa mabega, akajitupa juu ya Kirungu, akamfunika mwili mzima. Tofali lililokuwa limesharushwa lilimtua mgongoni. Aliguna, lakini hakusogea.

Mikono yote ikasita.

"Mzee Tanuri, toka hapo!" Winchi alifoka. "Wewe? Wewe hasa ndiye wa kumkinga huyu?"

"Kama una tofali jingine, lete."

"Mtoeni!" Kirungu alipiga yowe kutoka chini. "Mtoeni huyu mzee juu yangu! Nipigeni tu!"

Macho yalikuwa yamemtoka. Matofali hayakuwa yamemtisha kiasi hicho. Baba yake, mchungaji aliwaza. Hata mhuni hapendi kuona baba yake akipigwa kwa ajili yake.

Mzee na mchungaji walimburuta Kirungu hadi chumba cha nyuma cha kanisa, mchungaji akafunga komeo. Alipiga simu polisi. Ikaita mpaka ikakatika. Nje walikuwa wameshaanza kuugonga mlango kwa benchi.

"Mtoeni, la sivyo tunaingia!"

Mke wa mzee alikuwa ameingia nao, amevaa nyeusi tupu. Alimsogelea Kirungu, akamtazama, kisha akamtemea mate usoni. Kirungu hakujifuta. Aligeukia ukuta.

"Mama, usimlaani," mchungaji alisema. "Uchungu wako nauelewa. Aibu hii ni nzito kwa mzazi yeyote."

"Huelewi kitu, mchungaji."

"Mke wangu," mzee alisema kwa upole, "nipe kitambaa chako cha kichwa."

Mama alikishikilia kwa mikono yote miwili. Mlango uligongwa mara kadhaa kabla hajakiachia. Mzee alikichana vipande, akaufunga mkono uliovunjika, kisha akaanza kupangusa damu kichwani. Kiganja kilibaki juu ya fuvu la Kirungu kwa muda, kizito, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho mchungaji hakukisikia.

Ovaroli ya kiwanda aliyovaa mzee ilimpwaya. Mikono ya ovaroli ilikuwa imekunjwa, na kola ilikuwa na doa la kahawia lililogoma kutoka. Udongo wa matofali, mchungaji alidhani.

Ubao wa mlango ukapasuka.

"Baba," mchungaji alisema haraka, "mimi ni mgeni, hawatanisikiliza. Nenda wewe. Ndugu wa marehemu hawakosi hapo nje. Piga magoti, uwaombe wamsamehe. Wao wakisema basi, hakuna atakayerusha hata kokoto."

Mzee akaipapasa kola yake.

"Hilo la mwisho ni kweli," alisema.

Akamgeukia mkewe. Mama alifumba macho, akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akainua kichwa, akamshika mumewe mkono.

Mchungaji akafungua komeo.

Winchi alikuwa mbele, benchi mikononi, jasho likimtiririka. Nyuma yake kulikuwa na waumini wote pamoja na watu wa mtaani, kila mmoja ameshika tofali. Mzee alisimama kizingitini. Hakupiga magoti.

"Leo tunasherehekea kwamba Mungu alimleta Mwanawe kwa watu aliojua watamuua," alisema. "Na walipomuua, hakushusha jeshi. Tangu Machi nimekuwa nikimwomba ashushe."

Winchi aliliweka benchi chini taratibu. Mwanamke mwenye kiatu alianza kulia.

Mzee aliinua mkono ambao mkewe hakuushika.

"Ninaahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote: kijana huyu nitamfikisha kwa mama yake akiwa hai, nikimshika mkono wa kulia, huohuo uliomuua mwanangu."