Karo ya Wakesho

Mizani ya chuo cha sheria haikuuliza mzazi ana mali kiasi gani. Ilipima ni kiasi gani angekubali kutoa kwa ajili ya mtoto fulani, ikamtoza hicho hicho, na sehemu iliyobaki ikawa basari. Haikuwahi kukosea, hakuna familia iliyowahi kuikataa bei yake.

Wakesho aliposoma karo yake kwenye simu, alidhani macho yanamdanganya. Akampa simu baba yake, Mzee Mwadime, ambaye siku zote alisema sheria ni kazi ya waongo na binti aende akasomee ualimu.

"Hiyo ni bei ya shamba la juu na ng'ombe wote," mama alisema. "Baba Mwakio, utakataa?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Nitauza."

"Lakini baba, hata siku moja hujaniambia..."

"Nikuambie nini? Mizani imeshasema."

Wakesho alimtazama kama mtu anayeuona mlima wa nyuma ya nyumba yao kwa mara ya kwanza, ukungu ulipoondoka.

Kaka yake Mwakio alikuwa amesimama mlangoni. Alijiunga na chuo hicho mwaka uliopita, kwa karo ndogo mno. Shamba lilikuwa lile lile, na ng'ombe wale wale. Siku alipopata karo hiyo nyumba nzima ilipiga vigelegele, na majirani wakaisifu basari yake.

"Hongera, dada yangu," alisema, kisha akatoka uani.

"Mwakio," mama akaita, "usiende mbali, tutakula sasa hivi."

"Nimeshiba, mama."

Ugali ulikuwa bado haujasongwa.