Zamu ya Kabula

Palikuwa na pimbi mmoja wa majabalini, Kabula, ambaye hata jani likianguka moyo humwenda mbio. Kwao desturi ilikuwa hii: mmoja hukaa juu ya jiwe kumwangalia tai, na akishapiga kelele huwa wa mwisho kuingia pangoni.

Zamu ilipomfikia, alimwendea Mzee Masunga, kiongozi wa sala. "Mzee, naomba zamu yangu irukwe. Naogopa."

"Omba hofu ikutoke, binti yangu," alisema Masunga, akijinyoosha juani. "Mwenye imani hatetemeki."

Kabula akapanda, akaomba. Hofu haikutoka. Akaomba tena, ikazidi. Mara kivuli kikapita juu ya mawe, kimya. Wenzake walikuwa wanakula majani, hawana habari. Akijibanza na kunyamaza, tai hatamwona. Akipaza sauti, amejionyesha. "Bwana," alinong'ona, "hofu na ibaki, nipe sauti tu."

Akapiga kelele, sauti ikitetemeka kama yeye. Pimbi wote wakakimbilia pangoni. Kabula aliingia wa mwisho, makucha ya tai yamemng'oa manyoya ya mgongoni.

Mle gizani alisikia meno yakigongana. Alikuwa Mzee Masunga, aliyeingia wa kwanza, amejikunyata kwenye kona ya mwisho kabisa. Alipomtambua Kabula aliinamisha uso, akingoja kuchekwa mbele ya kundi.

Kabula akaketi ubavuni pake. "Nisogelee, Mzee," akasema. "Na mimi bado natetemeka. Tuombe hivi hivi."