Gari la Baba

Nati ilikatika mkononi, na mshonaji akabaki amelala chali chini ya gari, kutu imemjaa kinywani, hana hata nguvu ya kutukana.

"Umekufa huko?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado."

"Basi ukifa uniite. Chai inapoa, na mke mwenzangu huyo hanywi chai."

Mwaka wa nne huo analiita gari mke mwenza, na mzaha ulikuwa umeanza kuchacha. Mchana kutwa mshonaji alikuwa na cherehani yake, sare za shule mlima kwa mlima. Jioni anavua miwani, anavaa ovaroli ya marehemu baba yake, anatoka uani. Kiuno kilimuuma hata akiwa amelala. Wateja nao walishaanza kulalamika: sare za watoto zinanuka petroli.

Lakini lilikuwa gari la baba. Baba alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa hapohapo uani. Magari ya watu yalikuja yakaondoka. Hilo moja halikuondoka. Lilikaa kwenye kona chini ya turubai, miaka nenda miaka rudi.

"Alilipenda huyo!" mama yake alizoea kusema. "Hakuruhusu mtu hata kukaa ndani. Mwenyewe hakuliendesha hata siku moja."

Mshonaji alikumbuka zaidi ya hapo. Utotoni, hodi ikipigwa asubuhi, baba aliacha kila kitu akajipenyeza chini ya gari hilo, akatulia tuli. "Semeni sipo," ananong'ona. Watoto wanakwenda getini kusema hayupo. Walijua baba akiwa na gari lake hataki kusumbuliwa.

Alipofika miaka kumi na saba, mshonaji alitupa spana akakimbilia cherehani. Baba hakufoka. Alisema tu, "Haya. Na kazi zangu atazimalizia nani?" Wakaishi nyumba moja mwaka mzima bila kusemezana. Walipoanza tena kuongea, waliongea habari za mvua. Kisha baba akafa, na gari bado halijawaka.

Ndiyo maana hakuacha. Alipiga msasa mpaka mabega yakafa ganzi. Alisaka kabureta kwenye marundo ya vyuma chakavu, kama mtu aliyepoteza jino. Breki alizifunga mara tatu, akazifungua mara tatu. Viti tu ndivyo alivyofanya bila kuuliza mtu: alivishona mwenyewe, mshono maradufu, na siku hiyo peke yake ndiyo alisikika akipiga mluzi.

"Ukimaliza utapata nini?" mkewe alimuuliza jioni moja, akimchua kiuno.

"Nitakuwa nimemaliza."

"Hilo nalo ni jibu?"

"Mama miguu inazidi kumwisha. Nataka akae kwenye gari la mumewe, hata mara moja. Na mimi nimlipe baba maneno yake. Halafu nilale, mke wangu. Nilale siku mbili."

Mkewe alikandamiza kiuno kwa nguvu zaidi.

Siku ya siku, lilikataa kuwaka mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano likakohoa, likapiga chafya, likatoa moshi uliowatawanya kuku wa jirani, kisha likaunguruma. Mshonaji hakushangilia. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Nimemaliza, baba," alisema.

Mama yake alitoka amevaa gauni lake zuri kuliko yote. Akapandishwa mbele, akinung'unika kwamba kiti kinateleza. Mkewe akajitosa nyuma.

"Mke mwenza, nisogezee nafasi," alisema akibamiza mlango, na wote watatu wakacheka mpaka mama akaomba leso.

Walitoka getini polepole. Mtaa wa kwanza, watoto waliwakimbiza. Mtaa wa pili, mzee mmoja aliyekaa barazani kwa kinyozi aliinuka ghafla, fimbo juu, akajikokota hadi katikati ya njia. Mshonaji akakanyaga breki. Zikashika sawasawa.

Mzee alilizunguka gari taratibu. Akapapasa taa. Akachungulia viti, machozi yakamlengalenga.

"Wewe ni mtoto wa fundi?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nilihama mji huu siku nyingi. Mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki. Mwaka wa sita huu."

"Mungu amrehemu." Mzee akatoa mfukoni rundo la funguo, akachagua mmoja uliochakaa, akauingiza kwenye mlango wa dereva. Ukazunguka bila kukwama.

"Kila nikimkuta aliniambia, 'Njoo kesho, utalikuta tayari,'" alisema. "Kumbe kesho yenyewe ndiyo leo."