Ini la Mzee wa Kanisa

Daktari alimwambia Mzee Elikana kwamba ini lake limejaa mafuta.

"Mafuta peke yake yangeweza kukaa kimya miaka, baba. Ila sasa mwili wako unayapiga kama adui, na kipigo kinaliangukia ini. Limevimba. Likiachwa hivi, litageuka makovu matupu."

"Binti yangu, mimi sijawahi kuonja pombe!"

"Si lazima uionje."

Akatoka ameinamisha kichwa. Kwenye benchi la wagonjwa alikuwa Tobia, mpiga tarumbeta wa kanisani kwao aliyeugua ini. Mzee mwenyewe ndiye aliyesimama kanisani akataka Tobia atengwe na ushirika kwa ulevi. "Kajitakia," alisema siku ile, na watu wakaitikia.

"Shikamoo, Mzee. Na wewe umepatwa?"

"Marahaba. Macho tu, mwanangu. Nimekuja kupima macho."

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Mzee wa ini, usiondoke! Hatujakutoa damu. Kaa hapo usubiri."

Watu wakageuka. Aibu ikampanda Elikana hadi masikioni. Alingoja kicheko, lakini Tobia hakucheka. Alivua kofia yake, akasogea kidogo, akaanza kupangusa vumbi kwenye benchi, taratibu, mahali pa mtu mmoja.