Mlango Ulimtangulia Kusema

Miaka hiyo kila nyumba mjini ilikuwa na mlango unaopima mionzi. Mtu akiingia na dutu ya mionzi mwilini, mlango uliitaja kwa sauti, kisha ukaujulisha mtaa mzima.

Skolastika alikuwa akichambua mchele sebuleni mumewe, Deogratias, aliporudi.

"Tekneti," mlango ukasema. "Kiasi kidogo. Haina hatari kwa familia."

Skolastika alikuwa mpimaji wa mionzi kwenye mizigo mpakani. Aliutazama mchoro kwenye kioo cha mlango. Kila dutu huacha kilele chake mahali pake kwenye mchoro, na kilele hiki alikifahamu vizuri.

"Umetoka wapi, Baba Festo?"

"Kazini."

"Hii hudungwa watu hospitalini, wapigwe picha ya mifupa."

Deogratias akakaa taratibu. "Nilitaka nipate majibu kwanza, ndipo nikwambie. Ule uvimbe niliotolewa mwaka juzi, daktari anahofia umerudi, umeingia mifupani."

Skolastika akasogea karibu naye, akamshika mkono. Alitaka kumuuliza amebeba hofu hiyo peke yake tangu lini, lakini akasema tu, "Majibu tutayafuata wote wawili."

Kabla Deogratias hajajibu, hodi ilipigwa. Alikuwa Mama Getruda wa nyumba ya jirani, ameshika chupa ya uji.

"Poleni, jamani," alisema. "Tumesikia."

Skolastika akapokea, akashukuru. Nyuma ya Mama Getruda majirani wengine walikuwa wanavuka barabara, na mumewe alikuwa hajavua hata viatu.