Marahaba ya Twiga

Twiga alikuwa nahodha wa timu ya kikapu ya wasichana wa chuo, na wachezaji aliwachagua kwa kimo tu. Pimbi alipokuja kujaribiwa, Twiga hakuinamisha hata shingo.

"Mdogo wangu, kimo chako ni cha kunishika miguu. Niamkie, kisha uende zako."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba!" Twiga akacheka, na Ngamia na Mbuni, wachezaji wenzake, wakacheka naye.

Pimbi akaenda kuchezea chuo cha jirani.

Siku ya fainali, timu ya Twiga ilikuwa mbele kwa pointi moja, na mchezo ulikaribia kwisha. Pimbi akaja na mpira. Twiga akamziba njia, miguu kaitanua.

"Shikamoo, dada!"

Kwa mazoea, Twiga akainua shingo juu. "Marahaba!"

Alipotazama chini, Pimbi alikwishapita katikati ya miguu yake, na mpira ulikuwa kikapuni.

"Marahaba!" uwanja mzima ukaitikia.

Timu zilipopeana mikono, Pimbi akamjia kwa adabu ileile. "Shikamoo, dada."

Twiga akafungua mdomo, sauti isitoke. Ngamia na Mbuni wakatazama pembeni.

Mpaka leo, mwamkie Twiga uone. Atakuangalia kwa macho ya aibu, wala hataitikia.